Saa Tano na Nusu

Kuna baa moja Ruiru, hatua chache kutoka Thika Road, ambayo Alhamisi usiku maikrofoni ni ya yeyote. Ni bure, lakini mwenye baa anahesabu: umekuja na wangapi, na wanakunywa nini? Wenye marafiki wa mshahara wanapanda saa tatu. Mimi niliacha chuo, ninaishi kwa kuandikia watu makala. Nilikuja na rafiki mmoja, wa soda. Nikapewa saa tano na nusu, baada ya mugithi.

Mugithi kwa Kikuyu ni treni. Jamaa mmoja na gitaa lake anaanza nyimbo za kina Joseph Kamaru, watu wanashikana mabega, msururu unazunguka meza. Sasa wewe panda baada ya hapo na wimbo wa polepole, wa Kiswahili, ambao hakuna anayeujua.

Wangu ni wa shosho, aliyechuma kahawa huku kabla mashamba kugeuka maploti na maghorofa. Wengi waliendelea na stori zao, na ni haki yao. Mzee mmoja akaweka glasi chini.

“Kijana, rudia hapo kwa shosho.”

Nikarudia. Akaimba nami, chini chini, macho mezani.

Nikishuka, mwenye baa akaniuliza Alhamisi ijayo naleta watu wangapi. Nikamwambia niko na wimbo mwingine. Akacheka, akaniandika: saa tano na nusu.