Alikiri, lakini hakuiba

Najua nimepotea, tulikuwa TP. Mimi nilipangiwa shule moja huko huko nyumbani Bariadi, nikafundisha historia kidato cha pili. Leo nimekaa hapa kimbwetani, madaftari nimefunga, maana kuna jambo linaniwasha na lazima nilitoe.

Wiki ya tatu ilipotea simu ya mwalimu mwenzangu ofisini. Basi bwana, mwizi akajulikana kabla simu haijatafutwa: yule kijana Mtaturu, mtu wa Meatu. Kwa nini yeye? "Si unawajua Wataturu?" Ushahidi ukaishia hapo. Kwetu ng'ombe akipotea, wao ndio hutajwa kwanza. Na mimi mwalimu mtarajiwa nikaitikia, nikashika fimbo. Kanuni ya mwaka 2002 tumeisoma darasani: viboko visizidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Sikuomba idhini wala sikuhesabu. Kijana akakiri. Nikajiona mpelelezi!

Jioni simu ikaonekana kwenye droo ya mwenyewe, chini ya madaftari ambayo hajasahihisha.

Nilikwenda kwa babu nikamuuliza, sasa huyu mtoto alikiri nini? Babu akanyamaza, kisha akaniuliza, "Huko chuo mmefika mwaka 1976?"

Akanihadithia. Wakati huo Bariadi ilikuwa mkoa wa Shinyanga, maana Simiyu imezaliwa 2012. Vikongwe walikuwa wanauawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kisa macho mekundu, na macho yenyewe yameiva kwa moshi wa kupikia. Serikali ikaamua kuwasaka wauaji Mwanza na Shinyanga. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini waliokamatwa waliteswa ili wakiri, na baadhi wakafia mikononi mwa dola. Januari 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu. Hakumpiga mtu yeye, ila yalitendwa na watu walio chini yake. Mwaka 1985 akawa Rais.

"Mtu akipigwa sana," babu akasema, "atakiri hata kumuua mtu aliye hai. Wewe mjukuu wangu ulisikia maumivu yanaongea, ukadhani ni ukweli."

Jamani, nilikosa pa kuangalia. Mwaka 2020 polisi alipomuua George Floyd kule Minneapolis, mimi nikiwa bado sekondari, nililaani wee, nikashangaa mtu anahukumiwaje kwa rangi yake. Kumbe mimi nimehukumu kwa kabila. Sikuwa na sare wala pingu, lakini chumba kile mwenye nguvu nilikuwa mimi. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mtu kuteswa, na mimi ndiye niliyetakiwa kuifundisha.

Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya darasa zima, maana aibu niliyompa aliipata mbele ya wenzake. Akajibu, "Sawa mwalimu." Akakaa. Mpaka TP inaisha hakunyoosha mkono tena kwenye kipindi changu, na zamani alikuwa wa kwanza.

TP nimepata A. Msimamizi hakuuliza habari za fimbo.

Wadau mliotoka TP, hivi nyie mlifanyaje? Semeni ukweli tu. Tuko pamoja.