Mashini Isiyo na Jina

Sisi tu watu watano hapa Lubumbashi, nasi twaishi kwa kazi ya kuandika vibao vya maduka na milango ya magari. Miaka mingi tulikata herufi kwa mkasi na wembe. Mwaka uliopita tulikusanya feza, tukamtuma mdogo wetu mmoja anunue mashini ya kukata karatasi ya kunata, ile inayoongozwa na kompyuta. Akarudi na mashini ya zamani: jina lake limekwanguliwa, haina kitabu wala programu.

Tukaiunganisha na kompyuta. Kimya. Jioni ile tulimsema vibaya mdogo wetu: «Umekula feza yetu, umetuletea chuma.» Hakujibu neno. Kesho yake hakuja kazini.

Siku tatu zikapita. Tukaona kwamba lawama haikati herufi hata moja, tukaitazama mashini kwa utulivu. Nyuma yake palikuwa na tundu pana la pini 25, la namna ya zamani iitwayo RS-232. Hapo tukafahamu kosa letu. Chombo cha USB hujitaja chenyewe kikiunganishwa, lakini tundu hili halina desturi hiyo. Kompyuta iliona ule waya wetu wa kugeuza USB tu, haikuona mashini. Jina lake tungelingoja mpaka tuzeeke.

Basi tukaacha kutafuta jina, tukauliza mambo matatu: mashini hii yasikia kwa mwendo gani, yafahamu lugha gani, na waya zake zafungwa namna gani?

Mwendo tuliuona kwenye kioo chake kidogo, tulipobonyeza vifungo kimoja kimoja: 9600, maana yake biti 9600 kwa sekunde. Tukaiwekea kompyuta mwendo uleule. Lugha tulijaribu HPGL, iliyotungwa na kampuni ya Hewlett-Packard kwa mashini zake za kuchora, nayo hufahamika na mashini nyingi za kukata. Katika lugha hiyo milimita moja ni vipimo 40. Tukatoa kisu, tukaweka kalamu mahali pake, tukatuma maneno haya:

IN;SP1;PU0,0;PD400,0;PU;

Ikiwa inafahamu, itachora mstari wa sentimita moja.

Kimya tena! Likabaki jambo la tatu. Kumbe waya wa kusemea wa kompyuta ulifungwa kwenye waya wa kusemea wa mashini: wote walisema, hakuna aliyesikiliza. Tukazima vyote, tukabadilishana waya wa 2 na wa 3, tukawasha. Kalamu ikashuka, ikachora. Tukapima kwa rula: sentimita moja kamili.

Hatukushangilia. Tulitazamana tu. Jioni tulikwenda kwa mdogo wetu, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Leo yeye ndiye anayeiongoza mashini ile.

Ndugu msomaji, ukipata mashini bubu, usiitupe upesi. Tazama tundu lake, tafuta mwendo, jaribu lugha, kagua waya, na uanze kwa kalamu, si kwa kisu. Lakini kama umemlaumu mtu bure, usingoje mashini iseme ndipo umwombe radhi. Sisi tulingoja, na haya ile tunayo mpaka leo.