Saa Sita au Saa Tisa

Kwa miaka mitatu sisi watoto wa nyumba moja hapa Mongbwalu tuliamini kwamba baba yetu amekuwa mkaidi. Tulipomwita hakugeuka, tulipomweleza jambo, alijibu jingine. Siku wakwe walipoleta mahari ya dada yetu nyumbani kwa baba mkubwa, tulimwambia kwamba wageni wangefika saa sita. Alikuja saa tisa, ametulia, amevaa koti lake jeusi, akawakuta wageni wameketi kimya wakimngoja. Tulimkasirikia mbele ya watu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri juu ya masikio.

Baba alifanya kazi miaka 18 kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Ninyi vijana wenzetu wa huku mnazijua: injini ya dizeli, vyuma vinavyoponda mawe kuanzia alfajiri hadi giza, na vumbi jeupe juu ya nyusi za kila mtu. Wataalamu wa afya ya kazi husema kwamba sauti ya desibeli 85 kwa saa nane ndiyo mpaka, na kwamba kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda wa usalama hupungua kwa nusu. Sisi hatuna chombo cha kupimia. Lakini mahali ambapo mtu hulazimika kupaza sauti ili asikiwe na mwenzake aliye umbali wa mkono mmoja, mpaka huo umekwisha kuvukwa. Na baba hakuwahi kuziba masikio yake, hata kwa pamba.

Aliyetufungua macho ni muuguzi wa zahanati. Kwanza alitazama ndani, akasafisha nta iliyokuwa imeziba sikio la kushoto, nasi tukafurahi mapema mno. Kisha akauliza kama baba aliwahi kuchomwa sindano za streptomisini kwa kifua kikuu, maana dawa hiyo yaweza kuharibu usikivu. Hakuwahi. Basi akatueleza jambo lililotunyamazisha: kelele huua kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba. Mtu huendelea kusikia irabu, lakini sauti kama s, t, f na sh humponyoka. Baba husikia kwamba tunasema, hasikii tunachosema. Sita na tisa kwake ni neno moja.

Tulirudi nyumbani tukiwa na aibu, tukaanza kutafuta kifaa cha kusaidia kusikia.

Cha kwanza tulikinunua sokoni kwa dola 15, na muuzaji alituapia kuwa ni cha daktari. Kilikuwa kikuza sauti tu. Kilikuza kila kitu kwa pamoja: maneno, pikipiki, kuku, mvua juu ya mabati. Kilipiga mluzi hata meza nzima ikausikia, isipokuwa baba mwenyewe. Baada ya siku nne alikiweka ndani ya kikombe juu ya kabati, na hatukuthubutu kumlaumu. Kifaa cha kweli huwekwa sawa kwa kufuata vipimo vya sikio la mhusika, ili kiongeze zile sauti zilizopotea na kuziacha zile anazozisikia bado. Tofauti hiyo ndiyo tuliyoilipia dola 15 kuijua.

Vipimo vilikuwa Bunia. Tulingoja majuma sita hadi barabara ya Iga Barrière iwe na utulivu, kwa maana ninyi mnajua tunavyosafiri. Mtaalamu alipima vizuri, akatutajia bei ya vifaa viwili. Kaka yetu mkubwa aliuliza mara mbili, kana kwamba naye hasikii. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa ajili ya usikivu wao, na kwamba miongoni mwa wale ambao kifaa kingewafaa, ni asilimia 17 tu wanaokitumia. Siku ile tuliielewa hesabu hiyo bila mwalimu.

Njia tuliyoipata ni hii. Binamu yetu aliyeko Kampala alipata kifaa kilichotumika, cha kuvaa nyuma ya sikio, kwa familia iliyofiwa na mzee wao. Kifaa cha namna hiyo chaweza kupangwa upya kwa vipimo vya mtu mwingine. Kipande kinachoingia sikioni ndicho kisichoazimwa, sharti kichongwe kwa sikio la mwenyewe. Tulichagua sikio moja, lile lenye uwezo zaidi. Mtaalamu alitushauri mawili, naye alikuwa na haki. Sisi tulikuwa na fedha za moja.

Kisha zikaja betri, ambazo hakuna aliyetuonya juu yake. Ni ndogo kama punje ya dengu, na kila moja ina kibandiko cha rangi. Ukikibandua, hewa huingia na betri huanza kuisha, hata kifaa kikizimwa. Mpwa wetu mdogo alibandua tatu kwa siku moja ili apate vibandiko. Sasa baba huzitunza ndani ya mkebe wa tumbaku, huandika tarehe ukutani kwa makaa, na moja humpa siku nane, pengine kumi. Zimebaki nne, na Bunia ni mbali.

Hasikii kama zamani. Usiku hukivua kifaa, kwa hiyo risasi zikilia ni lazima mmoja wetu aende kumgusa bega, tumepangiana zamu. Sokoni huchoka upesi. Lakini juzi dada alipiga simu kwamba angefika saa tisa. Baba akashika simu mwenyewe, akaisogeza nyuma ya sikio mahali kipaza sauti kilipo, akauliza polepole: «Tisa ile inayofuata nane?»

Dada alikaa kimya kidogo, kisha akasema ndiyo, baba, hiyo hiyo.