Alificha maumivu ya mgongo ili pikipiki isiuzwe

Mama ndiye aliyegundua kwanza. Asubuhi moja ya Januari, kijana wake wa miaka 16 alikaa kitandani kuvaa soksi, akashindwa kuinama. Aliuinua mguu kwa mikono miwili kama mzee, akauma mdomo, kisha akasema yuko salama.

Familia hiyo ilitoka Mbeya na sasa inaishi katika mji mdogo kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani. Mama ni mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, na kila siku anawaona watu wanaosema hawaumwi huku uso unasema mengine. Siku hiyohiyo alimpeleka mwanawe kwa daktari.

Chanzo cha maumivu kilikuwa gereji. Ni pikipiki ya theluji ya miaka ya 1990, ambayo kijana aliinunua kwa fedha alizolipwa kwa kuondoa theluji kwenye njia za majirani. Kule si kitu cha ajabu. Minnesota ndiko ilikozaliwa kampuni ya Polaris, mjini Roseau, mwaka 1954, na majira ya baridi vijana huzungumzia mashine hizo kama wenzao wa Mbeya wanavyozungumzia bodaboda.

Kwa asiyeifahamu, pikipiki ya theluji haina magurudumu ya kukanyaga chini. Mbele ina skii mbili, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka. Ndani ya mkanda huo kuna kiunzi chenye reli mbili, mikono ya chuma, springi na shokapu. Kiunzi hicho ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya uzito wa mashine na wa mtu aliyekaa juu yake. Kikichoka, kila tuta la theluji hugonga kiti, na kiti hugonga uti wa mgongo.

Picha ya eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Misuli ya kiuno ilikuwa imeumia. Daktari alieleza kuwa mtu akiwa amekaa na mashine ikatua kwa kishindo, pingili za mgongo hubanwa, na kuna wanaovunjika. Kisha akauliza maumivu yalianza lini.

Kijana alitazama sakafu. "Wiki tatu zilizopita," alisema.

Nyumbani, mama alitaka mashine iuzwe kabla ya jua kuzama. Baba alinyamaza. Huko Mbeya alikuwa fundi wa daladala, na alijua jinsi dereva anavyolalamikia kiuno kwa miaka wakati tatizo liko kwenye springi.

"Nipe muda, mama watoto," alisema. "Isipotengenezeka, nitaiuza mwenyewe."

Mama alikubali kwa masharti mawili. Mtoto asinyanyue chochote, na asiiendeshe mpaka daktari aruhusu.

Sharti la tatu liliongezeka siku tatu baadaye. Aliporudi kutoka zamu ya usiku alisikia mngurumo, akaukuta mlango wa gereji umefungwa na injini inawaka. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na kijana alitaka tu kuona kama mashine bado inawaka. Kichwa kilikuwa kimeanza kumuuma.

Mama alimtoa nje, akafungua mlango, akazima injini, kisha akampeleka hospitali akapimwe. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha humlaza mtu usingizi asioamka. Gereji ikiwa imeshikana na nyumba, gesi hiyo huweza kuingia hadi vyumbani, na kufungua mlango peke yake hakutoshi kuiondoa hatari. Majibu yalikuwa mazuri. Tangu siku hiyo, injini haikuwashwa tena mpaka mashine iwe imesukumwa nje, mbali na nyumba.

Jumamosi iliyofuata kazi ilianza. Kijana aliketi kwenye kiti kirefu akiwa na tochi, akimpa baba spana. Kwanza walilegeza bolti za nyuma zinazokaza mkanda, kisha wakaondoa mvuto wa springi. Hapo baba alimwambia mwanawe arudi nyuma. Springi iliyobanwa ikichomoka, alisema, haijui kidole cha nani kiko mbele yake.

Jirani alisaidia kuilaza mashine ubavu juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Kiunzi kizima kilikuwa kimeshikwa na bolti nne, mbili kila upande. Tatu zilitoka. Ya nne ilizunguka pamoja na shafti yake bila kufunguka, kwa kutu ya miaka mingi. Waliipaka mafuta ya kulainisha kutu, wakailaza hadi Jumapili. Baba akaishika shafti kwa koleo la kubana, bolti ikalia, ikafunguka.

Kiunzi kilipotoka, kijana aliona alichokuwa anakalia. Shokapu ya mbele ilikuwa imevuja mafuta yote. Ukiibonyeza kwa mkono inaingia na hairudi. Plastiki za chini ya reli zilikuwa zimelika hadi karibu na chuma, na reli ya kushoto ilikuwa na ufa pale mkono wa nyuma unapofungwa.

"Na hii ingekatika ukiwa kasi?" mama aliuliza akiwa amesimama mlangoni.

Hakuna aliyemjibu.

Kutengeneza kila kipande kungegharimu kuliko mashine yenyewe. Baba alipata kiunzi kizima kutoka kwenye mashine iliyoharibika mbele, ya kampuni ileile na yenye mkanda wa urefu uleule, inchi 121. Kabla ya kulipa alipima umbali wa matundu ya bolti, kwa sababu viunzi viwili vinaweza kufanana machoni na visikubaliane kwenye bolti. Alikisafisha, akabadilisha plastiki za reli, akaweka bushi mpya na kupaka grisi.

Kukirudisha ndiko kulikokuwa na shida. Walikibana kwa mkanda wa kufungia mizigo ili kipungue kimo, wakakisukuma ndani ya mkanda wa mpira, wakaanza na bolti za mbele. Bolti ya mwisho ya nyuma ilikataa. Tundu lilikuwa limepishana kwa upana wa kidole. Jirani alikuwa ameshaondoka. Baba aliinama, akainua sehemu ya nyuma ya mashine yenye uzito wa karibu kilo 200.

Hakuinua zaidi ya hapo. Alibaki ameinama, mkono mmoja kiunoni, pumzi imekatika.

"Baba, na wewe?"

"Hapana. Nimeteleza tu."

Kijana alishusha tochi. "Hivyo hivyo ndivyo nilivyomwambia Mama," alisema.

Baba alikaa juu ya sanduku la vifaa kwa muda mrefu. Anafanya kazi kwenye ghala, akipakia maboksi usiku. Kiuno kilikuwa kinamuuma kwa miaka miwili, na vidonge vya maumivu alivificha kwenye gari, si kwenye kabati la nyumbani. Aliogopa kupunguziwa zamu. Mtoto naye aliogopa pikipiki kuuzwa. Sababu zilitofautiana, lakini namna ya kuficha ilikuwa moja, na mtoto hakujifunza kwa jirani.

Usiku huo baba alimweleza mkewe kila kitu, hata ganzi iliyokuwa inashuka mguu wa kushoto. Mama alikasirika, kisha akapiga simu kuomba miadi. Anajua kuwa maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi au udhaifu wa mguu si ya kumezea vidonge tu. Mtu akishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au akipata ganzi sehemu za siri, hiyo ni dharura ya siku ileile.

Bolti ya mwisho iliingia wiki iliyofuata, kwa jeki na mikono ya jirani.

Katikati ya Februari daktari alimruhusu kijana kuendesha, kidogokidogo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri walio chini ya miaka 16 wasiendeshe kabisa mashine hizi, na yeye alikuwa amevuka umri huo kwa miezi michache tu. Helmeti alivaa, kama sheria ya Minnesota inavyowataka kwa kawaida walio chini ya miaka 18. Cheti cha mafunzo ya usalama alikuwa nacho tangu mwaka uliopita.

Mashine ilisukumwa nje. Baba alimkalisha kijana kitini, akatazama nyuma inavyozama, akarekebisha springi ziendane na uzito wake. Halafu akamwonyesha namna ya kupita tuta: punguza mwendo, simama juu ya vikanyagio, kunja magoti, mgongo usipokee peke yake.

Kijana alizunguka uwanja wa nyuma mara nne. Mashine ilizama na kuinuka taratibu, bila kile kishindo cha zamani. Aliporudi alikuwa anacheka.

"Mgongo?" mama aliuliza.

Alifungua mdomo kujibu haraka, akasita. Alimtazama baba yake, ambaye miadi yake ilikuwa Jumanne.

"Unauma kidogo," alisema, akaweka mkono juu ya kiuno. "Hapa."

"Basi kwa leo inatosha," alisema mama, bila kupandisha sauti.

Kijana akazima injini.