Shangazi na Kijiti cha Kiberiti

Wiki hii tuweke pembeni mapenzi na fasheni, maana huku kwetu Chang'ombe, Dodoma, imenikuta kasheshe iliyoninyima usingizi.

Miaka miwili iliyopita shangazi yangu alikutwa na saratani ya titi. Akapasuliwa, akaenda Dar kupigwa mionzi pale Ocean Road, akarudi na kidonge cha kumeza kila siku, tamoksifeni. Kwa miaka 5! Jamani, hata malaria unameza siku 3 tu.

Juzi natafuta kiberiti chumbani kwake, nakuta vidonge vya miezi miwili vimejaa kwenye kopo la majani ya chai.

"Shangazi, mbona hujameza hivi?"

Akacheka. "Mwanangu, mimi nimeshapona. Halafu vinanichoma. Usiku upepo unavuma, watu wamejifunika mablanketi, mimi natoka jasho kama napika pilau la harusi. Na shoga zangu wanasema ni dawa za uzazi. Nizae tena na miaka 52?"

Nikakosa jibu. Mimi ni fomu foo tu, baiolojia niliambulia D. Nikambembeleza mpaka akakubali turudi kliniki.

Daktari hakumfokea. Akasema saratani nyingine za titi zina vipokeo vya homoni, yaani mfano wa makufuli. Homoni ya estrojeni ndiyo ufunguo. Ikiingia, uvimbe unapata amri ya kukua. Ndiyo maana nyama ya uvimbe hupimwa maabara, kwani usipokuwa na makufuli hayo, kidonge hiki hakiusaidii kitu. Wa shangazi ulikuwa nayo. Tamoksifeni inaingia kwenye kufuli na kukaa humo bila kulifungua. Estrojeni ikija, inakuta njia imezibwa.

Shangazi akadakia: "Kumbe ni kama kile kijiti cha kiberiti, baba mwenye nyumba alichochomeka kwenye kufuli la yule mpangaji mwenye deni!"

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Ndicho hicho mama. Ila chako kinaisha taratibu, ndiyo maana tunachomeka kingine kila siku."

Lile joto? Dawa inaziba kazi ya homoni hata sehemu nyingine za mwili. Si sumu, na likizidi aseme, asaidiwe. Zipo pia dawa nyingine kwa waliokoma hedhi, zinazopunguza estrojeni yenyewe. Ila kwenye mfuko wa uzazi tamoksifeni hugeuka, ikafanya kama ufunguo, kwa hiyo akiona damu isiyo ya kawaida asikae nyumbani, awahi hospitali. Na saratani ni janja, wakati mwingine inajifunza kukua bila ufunguo. Kliniki haikwepeki.

Dawa yenyewe si ya kubahatisha. Iliundwa Uingereza mwaka 1962, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu.

Ile miezi miwili inaniuma bado. Kama kuna kufuli lililofunguliwa humo ndani, sisi hatujui. Siku hizi taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza, namwangalia shangazi tu. Ananikata jicho: "Nishachomeka kijiti, bwana!" Kisha anafungua dirisha apate upepo.

Nawe msomaji, kwenu kuna mama au shangazi anayemeza hicho kidonge? Chungulia kopo la majani ya chai. Tukutane wiki ijayo.