Chenso ya Mjomba

Mwaka 2003, baada ya matokeo ya kidato cha nne kuwa kama yalivyokuwa, nilipelekwa Mafinga kwa mjomba "nikashike kazi". Kazi yenyewe ilikuwa kubeba dumu la petroli na kutembea nyuma ya chenso yake.

Chenso ile ilinizidi umri. Mshikio wa nyuma ulikuwa umezungushiwa mpira wa baiskeli, na rangi ilibaki kwenye pembe tu. Mjomba aliangushia watu milingoti na kupasua mbao. Asubuhi, ukungu wa Mufindi ukiwa bado umelala shambani, ilikuwa ikiwaka mvuto wa tatu na kukata vizuri. Shida ilikuja baadaye. Ikishafanya kazi dakika kumi hivi, sauti inapanda ghafla kama mtu anayelalamika, inaanza kumisi, inazima. Katikati ya gogo! Tukikaa kidogo, inawaka kana kwamba si yenyewe.

"Joto hilo," alisema mjomba. Basi ikawa desturi: tunakata, inazima, tunaipumzisha, anavuta sigara, tunaanza tena.

Kila mpita njia alikuwa daktari. Wa kwanza alisema plagi; tukanunua mpya. Wa pili alisema petroli ina maji. Tukaimwaga, tukachanganya nyingine na oili yake. Mimi nikafungua ea klina, nikaikuta imeganda vumbi la mbao na mafuta kama ugali uliolala, nikaiosha kwa sabuni. Ikapata nguvu kidogo, lakini ikaendelea kuzima. Wa tatu alikuwa dereva wa lori la magogo. Akatoa bisibisi nyembamba, akazungusha skrubu mbili za kabureta, yenye L na yenye H, huku akitikisa kichwa kama mjuzi. Tangu hapo ikakosa hata sailensa: ukiachia mkono tu, kimya.

Ndipo tukampelekea mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza pikipiki na mashine za kusaga.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene. Kaeni."

Hakushika bisibisi. Aliuliza tu: ikizima mnafanya nini? Inakaa muda gani? Kisha akaishikia resi kidogo isizime, akaanza kukata kipande cha mlingoti, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kulipwa. Ilipolalamika na kuzima, alimwambia mjomba azime sigara yake, akaniita.

"Kijana, sogeza sikio."

Akalegeza mfuniko wa tenki. Fffff! Tenki lilivuta hewa kwa kiu, nikaisikia ikiingia. Akaufunga, akavuta kamba. Ikawaka papo hapo, na joto lake lote.

"Umewahi kufungua debe la mafuta ya kula kwa tundu moja?" akaniuliza. Nilikuwa nimewahi, tena mama alinisema. Mafuta hutoka kidogo, yanakwama, mpaka utoboe tundu la pili. Tenki la chenso nalo lina tundu lake la pili, dogo, linaloruhusu hewa iingie huku likizuia petroli isitoke. La kwetu lilizibwa na vumbi la mbao. Petroli ikipungua, hewa haiingii kujaza nafasi. Kabureta inanyonya mpaka inashindwa, injini inapata hewa nyingi na mafuta kidogo, ndiyo maana sauti ilikuwa inapanda kabla ya kufa.

Alikitoa kidude chenye tundu hilo, hakizidi ncha ya kidole cha mtoto, akakiosha kwa petroli na kukipuliza. Kwa waya uliopindwa alivuta chujio kutoka ndani ya tenki. Lilikuwa jeusi, akalibadilisha. Mwishoni kabisa ndipo aliposhika bisibisi. Alifunga skrubu zote mbili polepole hadi zilipogota, akarudisha kila moja mzunguko mmoja, kisha akaendelea kwa sikio. Ile ya H aliiacha mahali ambapo injini ikipigwa resi tupu ilisikika nzito kidogo. Ikilia kama filimbi bila kukata kitu, alisema, ujue inakula pistoni. Akaongeza kwamba hewa ya huku juu ni nyepesi, hivyo ikishuka Dar itabidi irekebishwe upya.

Alichotutoza kilikuwa chini ya bei ya ile plagi.

Njiani mjomba hakusema neno. Tulikaribia nyumbani ndipo alipoiweka chenso chini, akawasha sigara, akaiangalia.

"Wiki tatu nasema naipumzisha," alisema. "Kumbe yenyewe ilikuwa inatafuta pumzi."