Lita Arobaini na Saba

Pale Buzuruga, kando ya barabara ya kwenda Musoma, vituo vya mafuta havikosekani. Watu huviita sheli, bila kujali ni vya nani. Mimi nilistaafu ualimu mkuu wa shule ya msingi mwaka 2011, nami nina gari dogo kuukuu la kunipeleka kanisani, hospitali na misibani. Basi vituo hivyo nimevizoea kama nilivyozoea darasa, na kama ilivyo darasani, hakuna siku isiyo na kituko chake.

Leo utamkuta mhudumu anaongea na simu huku bomba liko ndani ya tangi lako. Kesho bodaboda watatu watakupita mbele, kila mmoja akitaka mafuta ya shilingi elfu tatu, nawe unayetaka ya elfu ishirini utasubiri. Ukitoa noti ya elfu kumi kwa mafuta ya elfu nane, utaambiwa, "Mzee, chenji hakuna, tumalizie tu." Mara umeme unakatika mita ikiwa lita tatu na nusu, nanyi mnabaki kutazamana. Na makosa si yao peke yao. Siku moja niliweka kifuniko cha tangi juu ya paa la gari, nikakikumbuka nilipofika Igoma, na wiki nzima nilitembea na kipande cha nailoni kilichofungwa kwa mpira.

Tena kuna ile Jumanne ya kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano hiyo. Kukivuma kwamba bei itapanda, jioni hiyo foleni hufika barabarani, na hutokea pampu ikafunikwa kwa maelezo kwamba mafuta yamekwisha. Asubuhi yamerudi, na bei mpya.

Hayo yote ni madogo, mtu huyasahau kabla ya kufika nyumbani. Jambo kubwa ni shaka, na juu yake nina habari ya kukiri.

Sisi wa rika langu tunakumbuka miaka iliyofuata vita vya Kagera, vya mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mafuta yalikuwa haba vilevile. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Nilikuwa mwalimu kijana, niliyepitia Chuo cha Ualimu Butimba, nami nilitumwa mjini na madumu kutafuta dizeli ya mashine ya maji ya shule. Nililala foleni usiku mmoja, nikakaa na siku iliyofuata. Nilipojaziwa lita ishirini sikuuliza kama zimetimia. Nilishukuru Mungu, nikatafuta usafiri wa kurudi.

Mafuta yalipopatikana kwa wingi ndipo tulipoanza kuuliza juu ya kipimo na ubora, na haki ya kuuliza tulikuwa nayo. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, basi wajanja wakayachanganya katika dizeli na petroli. Neno kuchakachua likaenea kila mahali, hata likahama kutoka vituo vya mafuta na kuingia katika maneno ya uchaguzi wa mwaka 2010. Mwaka huohuo EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili yanayochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya uchanganyaji iondoke. Wakala wa Vipimo nao hukagua pampu na kuzifunga kwa lakiri. Hatua hizo zilikuwa njema. Lakini pampu hufungwa lakiri, moyo wa mteja haufungwi. Nami nilikuwa mteja wa namna hiyo: kila nilipotoka kituoni nilihisi nimeibiwa kidogo, bila kujua nimeibiwa nini.

Mwezi wa Agosti mwaka 2022 tulifiwa na ndugu huko Bunda. Ndiyo siku ambazo bei ya mafuta ilikuwa imepanda kwa sababu ya vita vya Ukraine. Hapa Mwanza lita moja ya petroli ilizidi shilingi 3,400, ingawa tangu Juni Serikali ilikuwa ikitoa ruzuku. Wanaukoo walichanga, nami nikakabidhiwa fedha za mafuta pamoja na agizo la kuleta risiti. Gari lilizimika hatua chache kabla ya kituo, tangi likiwa kavu kabisa. Vijana wa bodaboda walinisukuma mpaka kwenye pampu, nikawapa ya soda.

Aliyenihudumia alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. "Shikamoo, mwalimu," alisema. Niliitika marahaba bila kumtazama usoni. "Sifuri hiyo, mwalimu." Nilitazama, kweli ilikuwa sifuri. Nikamwambia ajaze.

Bomba lilipojikata lenyewe, binti alitaka kulitoa. Nikamwambia, "Ongeza." Akaongeza, likakata. "Ongeza bado, safari ni ndefu." Akaongeza kidogo kidogo mpaka petroli ikaonekana kwenye shingo ya tangi. Mita ikasoma lita 47.2, na deni likapita shilingi 160,000.

Basi nami nilikuwa nimesoma kitabu cha gari langu, na kitabu kilisema tangi ni la lita 45. Ndugu msomaji, nilifundisha hesabu kwa miaka mingi. Arobaini na tano haiwezi kubeba arobaini na saba. Damu ilinipanda. Nilitoa kile kitabu, nikakipiga juu ya boneti, nikasema kwa sauti ya gwaride la asubuhi, "Huu ni wizi! Wewe binti ni mwizi!"

Neno hilo si la kuchezea karibu na stendi ya Buzuruga. Kuna watu katika nchi hii waliopoteza maisha kwa neno hilo moja kabla hajatokea mtu wa kuuliza kilichoibiwa. Wapiga debe waligeuka. Bodaboda walisogea. Binti alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa pampu, akasema polepole, "Mwalimu, wewe ndiye uliyesema niongeze." Nami nikamjibu, "Usinifundishe hesabu!"

Msimamizi alikuja mbio na kopo lao la kupimia, la lita ishirini. Akalijaza kutoka pampu ileile, mbele ya watu wote. Mita iliposoma ishirini, mafuta yalikuwa sawasawa kwenye alama. Watu wakaguna, wakatawanyika. Hapo ndipo ningeomba radhi. Sikuomba. Nilisema, "Haya, tutaona," nikachukua risiti, nikaondoa gari.

Jua lilikuwa kali siku ile. Tulipokaribia Nyanguge, mke wangu alisema ananusa petroli. Nilisimama, nikashuka. Petroli ilikuwa ikichuruzika pembeni mwa kifuniko, ikishuka ubavuni mwa gari na kutona juu ya lami.

Nilisimama pale kando ya barabara kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya ubao. Vimiminika hutanuka vinapopata joto: somo hilo nimelifundisha mara ngapi? Petroli ikiongezeka joto kwa nyuzi kumi, ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia moja. Ndiyo maana anayetengeneza tangi huacha nafasi juu ya kile kiwango anachokiandika kitabuni, na ndiyo maana bomba hujikata kabla nafasi hiyo haijajaa. Lita arobaini na tano zilikuwa za kitabu. Zile mbili na ushei nilizijaza mimi kwa neno langu la "ongeza", katika nafasi ambayo haikuwa ya mafuta. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba sikujua ninahesabu nini, na nilijiona ninajua.

Siku tatu baadaye, tukitoka msibani, nilipita kituoni. Binti hakuwapo. Msimamizi aliniambia ameambiwa apumzike nyumbani, kwa kuwa tajiri hapendi wahudumu wanaogombana na wateja. Nilimwuliza, na lile kopo lililotimia? Akainua mabega. Nikaomba kuonana na huyo tajiri. Nilisubiri kwenye benchi tangu saa nne hadi saa nane, nikamweleza yote, hata habari ya Nyanguge. Alinisikiliza, akasema, "Sawa, mzee," basi. Sikujua kama imefaa.

Wiki iliyofuata nilimkuta binti kwenye pampu yake. Kabla sijafungua mdomo alisema, "Shikamoo, mwalimu." Safari hii nilimtazama usoni. Alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimwacha darasa la nne nilipostaafu. Yeye alikuwa amenitambua tangu siku ile ya kwanza, hata nilipokuwa nampigia kelele.

Nilikuwa nimepanga kumwita pembeni. Nikaona hapana: nilimtukana hadharani, na msamaha wa pembeni ungekuwa nusu kipimo. Nilishuka, nikasema mbele ya bodaboda na yeyote aliyekuwapo kwamba binti huyu hakuniibia, nilimsingizia, na ninamwomba radhi. Kijana mmoja alicheka. Wengine walinyamaza, labda kwa kuwa hawajazoea kuona mvi zikiinama.

Binti alifuta mikono kwa kitambaa. "Yamekwisha, mwalimu," alisema. Kisha akatabasamu kidogo. "Ila wiki nzima niliyokaa nyumbani haikulipwa."

Nilimpa kiasi nilichokuwa nacho. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea. Najua hakikutimia, na jambo hilo sijalisahau.

Siku hizi bodaboda wakinipita mbele, nawaacha. Chenji ikikosekana, naisubiri. Sifuri bado naitazama, kwani ni haki ya mnunuzi na haimuumizi mtu. Na bomba likijikata lenyewe, nasema, "Basi, binti yangu, inatosha."